Picha ya Ubongo Haipigwi, Hukokotolewa

Mgonjwa akishafanyiwa kipimo cha kichwa, bahasha yenye filamu mara nyingi hufika nyumbani kabla daktari hajasema neno. Filamu inatolewa, inainuliwa dirishani, na kila aliyepo anakuwa bingwa. "Hapa katikati pana doa jeusi." "Mbona kushoto kumevimba?" Halafu yanafuata ya barazani: kwamba MRI ina mionzi mikali kuliko CT na ndiyo maana bei yake inauma, kwamba mashine hizi zinaweza kuona unachowaza, na siku hizi, kwamba akili mnemba inachukua picha mbovu na kuifanya nzuri, kwa hiyo mashine ya bei nafuu inatosha kabisa.

Maneno haya yanaonekana hayana undugu, lakini kwa maoni yangu mzizi wake ni mmoja. Tunaamini picha ya ubongo hupigwa kama ya pasipoti. Haipigwi. Ndani ya fuvu hakuna mwanga, na nje yake hakuna kamera. Mashine inakusanya namba, kisha kompyuta inatafuta ni ubongo wa namna gani ungeweza kutoa namba hizo. Kile unachokiinua dirishani ni jibu la hesabu.

Kwanza tutenganishe majina. Eksirei ya kawaida ni kivuli: mionzi inapita mwilini, mfupa unazuia mwingi, nyama laini inazuia kidogo, na vyote vilivyo njiani vinaangukia mahali pamoja kwenye filamu, kimoja juu ya kingine. Ndiyo sababu eksirei ya kichwa huonyesha fuvu vizuri na ubongo usionekane. CT hutumia mionzi ya aina hiyohiyo, ila inaipitisha kutoka pande nyingi kuzunguka kichwa ili kompyuta iweze kutenganisha tabaka moja na jingine. MRI haitumii eksirei kabisa. Kazi yake inafanywa na sumaku na mawimbi ya redio. Hatua ya kugeuza vipimo kuwa picha, iwe kwa CT au MRI, tuiite ujenzi wa picha.

Hatua hiyo unaweza kuijaribu mwenyewe kwenye ubao wa bao. Funika kwa kitambaa mashimo manne, mawili juu na mawili chini. Kuchungulia hairuhusiwi, unaruhusiwa kuuliza jumla ya kete kwa mstari tu. Unaambiwa mashimo ya juu yana jumla ya kete 7, ya chini 5. Ukihesabu wima, ya kushoto yana 4 na ya kulia 8. Kila shimo lina ngapi? Huenda juu kuna 1 na 6, chini 3 na 2. Inakubali. Lakini juu 2 na 5, chini 2 na 3, inakubali vilevile. Ukiendelea utapata majibu matano, yote sahihi kwa namba ulizopewa. Sasa omba namba moja ya mshazari, kutoka shimo la juu kushoto hadi la chini kulia. Ukiambiwa ni 3, ubishi umekwisha: 1 na 6 juu, 3 na 2 chini, na jibu jingine halipo.

CT inafanya hayo. Kila mwali wa eksirei unaopita kichwani unatoa namba moja, jumla ya kilichouzuia njiani. Tofauti ni kwamba tabaka moja la picha ya leo kwa kawaida lina visanduku 512 kwa 512, yaani zaidi ya 262,000, na kila kimoja kinasubiri namba yake. Bao pia limetuonyesha jambo la pili, na hilo ndilo nitakalolirudia: vipimo vikiwa vichache, majibu yanayokubalika yanakuwa mengi, na mtu au kompyuta italazimika kuchagua.

Mwanafizikia wa Cape Town

Hesabu hii ina historia yake barani kwetu. Mwaka 1956 Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa akifundisha fizikia Chuo Kikuu cha Cape Town, aliombwa kushika zamu kwa sehemu ya wiki katika Hospitali ya Groote Schuur. Sheria ilitaka awepo mwanafizikia wa kusimamia matumizi ya dawa za mionzi, na aliyekuwapo alikuwa ameondoka. Huko Cormack aliona jambo lililomkera: katika kupanga tiba ya mionzi, mwili ulichukuliwa kama kitu kimoja kisicho na tofauti ndani, mfupa na pafu vikihesabiwa sawa. Akajiuliza kama mtu anaweza kujua, kwa kupima kutoka nje tu, kila sehemu ya ndani inazuia mionzi kiasi gani.

Akatunga hesabu, kisha mwaka 1957 akaijaribu kwa kitu rahisi: kipande cha duara cha alumini kilichozungushiwa mbao. Majibu yalitoka vizuri, isipokuwa katikati kabisa, ambako alumini ilionekana kuzuia mionzi kidogo kuliko ilivyotakiwa. Kosa la hesabu? Alipofuatilia, ikagundulika kwamba kipande kile kilikuwa na kigingi katikati, cha alumini iliyotofautiana kidogo na iliyokizunguka. Hesabu ilikuwa imeona kitu ambacho hata mwenye hesabu hakukijua. Sijui uthibitisho mzuri kuliko huo.

Cormack alihamia Marekani, akachapisha kazi yake mwaka 1963 na 1964, na dunia ikanyamaza. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ombi la kuvutia zaidi alilopata lilitoka kwa watafiti wa maporomoko ya theluji huko Uswisi, waliotaka kujua kama njia hiyo ingewafaa kupima theluji milimani. Wala hakujua kwamba mtaalamu wa hisabati, Johann Radon, alikuwa ameshachapisha ufumbuzi wa swali lilelile mwaka 1917, bila kufikiria hospitali hata kidogo.

Aliyeitoa hesabu karatasini na kuifanya mashine ni Mwingereza Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, aliyeanza safari yake bila habari za Cormack wala Radon. Mtambo wake wa kwanza wa majaribio ulichukua siku 9 kukusanya vipimo vya kitu kimoja, na kompyuta kubwa ikahitaji saa mbili na nusu kukokotoa picha. Kwa majaribio alibeba bongo za ng'ombe akivuka jiji la London kwa usafiri wa umma. Abiria wa karibu naye sijui walisemaje. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo alikuwa mgonjwa wa kwanza kupimwa. Uvimbe ulionekana. Kabla ya hapo, njia mojawapo ya kutafuta uvimbe ilikuwa kumwingizia mgonjwa hewa kupitia uti wa mgongo ili vyumba vya maji vya ubongo vijitokeze kwenye eksirei, kipimo chenye maumivu makali ya kichwa. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield waligawana tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuna kati yao aliyekuwa na shahada ya udaktari, ya tiba wala ya falsafa.

Doa jeusi na hofu nyingine

Kwa kuwa CT ni namba, weupe na weusi wake huchaguliwa na mtu. Kwenye kipimo kilichopewa jina la Hounsfield, maji ni 0, hewa ni hasi 1,000, mfupa mgumu unapanda hadi 1,000 na kuzidi. Ubongo wote, na tofauti zake zote, umebanana kati ya 20 na 45 hivi. Damu iliyovuja karibuni huwa juu kidogo, kwenye 60 au 70. Jicho letu haliwezi kutofautisha rangi za kijivu elfu mbili, kwa hiyo mtaalamu wa picha huiambia kompyuta: kila kilicho chini ya namba hii kiwe cheusi, kila kilicho juu ya namba ile kiwe cheupe, nyoosha kilicho katikati. Akibadilisha mipaka, picha inabadilika sura ilhali mgonjwa ni yuleyule. Filamu inabeba chaguo moja tu. CD ya kipimo ina namba zenyewe, na daktari wa hospitali nyingine anaweza kuzitazama kwa mipaka yake. Ukipewa CD, usiiache kwenye droo ukaenda rufaa na filamu peke yake.

Na lile doa jeusi la katikati? Mara nyingi ni vyumba vya maji ambavyo kila ubongo unavyo. Kwenye CT maji ni meusi. Kwenye MRI maji hayohayo yanaweza kuwa meusi au meupe kutegemea mashine iliagizwa kupima nini. Kushoto kwa picha, kwa desturi ya madaktari, ni kulia kwa mgonjwa. Haya mawili peke yake yangepunguza vilio vingi sebuleni.

Sasa mionzi. CT ya kichwa inampa mgonjwa takriban milisivati 2 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), wakati mionzi ya asili ya ardhini na angani humfikia mkazi wa dunia kwa wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Si kitu cha kupimwa kwa kujifurahisha, hasa kwa mtoto, lakini kwa mtu aliyepigwa kichwani au anayeshukiwa kuvuja damu, CT inamaliza kazi kwa muda mfupi na huiona damu mbichi vizuri. MRI haina mionzi hiyo hata kidogo. Ughali wake unatokana na sumaku yake, ambayo katika mashine nyingi hupoozwa kwa heliamu ya kimiminika kwenye nyuzi joto hasi 269. Hatari yake ni chuma: sumaku hiyo inavuta mtungi wa oksijeni kama risasi, na ndiyo maana unaulizwa mara tatu kama una kifaa chochote mwilini.

Sumaku hufanya nini? Mwili umejaa maji, na maji yana haidrojeni, ambayo kiini chake chenyewe kina tabia ya kisumaku. Ndani ya sumaku kubwa viini hivyo huelemea upande mmoja, kwa kiasi kidogo cha kustaajabisha: katika milioni moja, vinavyozidi havifiki hata kumi. Mawimbi ya redio yakivigusa, vinayumba na kurudisha sauti ya redio ambayo masafa yake hutegemea nguvu ya sumaku mahali vilipo. Kwenye sumaku ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), masafa hayo ni takriban megahezi 128, juu kidogo tu ya stesheni zetu za FM.

Kwa miaka mingi wanakemia walisikiliza redio hiyo bila kujua inatoka sehemu gani ya kitu wanachopima. Ujanja wa Paul Lauterbur, uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 1973 baada ya jarida hilohilo kuukataa kwanza, ulikuwa kuiharibu sumaku kwa makusudi: iwe kali upande mmoja na dhaifu upande mwingine. Mara moja masafa yakawa anwani. Sauti ya juu imetoka huku, ya chini kule. Akageuza mteremko wa sumaku kwa pembe tofauti, akapata jumla za mistari, akarudi kwenye hesabu ileile ya bao, na picha yake ya kwanza ikaonyesha vibomba viwili vya maji. Yeye na Peter Mansfield walipata Nobel mwaka 2003. Makelele yanayowatisha wagonjwa ndani ya MRI ni koili, yaani nyaya zilizoviringishwa, za mteremko huo zikitikisika umeme unapowashwa na kuzimwa kwa kasi.

Kuhusu kusoma mawazo nitakuwa mfupi, kwa sababu imani hiyo inastahili ufupi. Ipo MRI inayofuatilia ubongo ukifanya kazi, iliyoanzia kwenye ugunduzi wa Seiji Ogawa mwaka 1990. Haipimi mawazo. Inapima mabadiliko ya oksijeni kwenye damu, ambayo hufikia kilele sekunde tano hivi baada ya tukio, ndani ya visanduku ambavyo kila kimoja kina chembe za neva kwa malaki. Rangi nyekundu na njano unazoziona magazetini hupakwa na kompyuta baada ya mahesabu ya takwimu, na takwimu zikifanywa kizembe unaweza kukuta chochote. Craig Bennett na wenzake nchini Marekani walimlaza samaki aina ya samoni, aliyekufa, ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu na "kumuuliza" watu hao wanajisikiaje. Bila marekebisho ya takwimu, ubongo wa samaki ulionyesha nukta za uhai. Mwaka 2012 walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Namba zikipungua

Ugumu wa MRI ni muda. Namba zake hukusanywa mstari kwa mstari, na mgonjwa anatakiwa atulie tuli. Mtoto mdogo mara nyingi hupewa dawa ya usingizi. Kila mtu angependa kupima kidogo. Lakini tumeshaona kwenye bao: ukiondoa vipimo, majibu yanazaana.

Mwaka 2006 wataalamu wa hisabati Emmanuel Candès, Terence Tao na wenzao, na David Donoho kwa upande wake, walionyesha kwa hisabati njia ya halali ya kupima kidogo. Ukijua mapema kwamba mashimo mengi ya bao ni matupu, majibu mengi yanajiondoa yenyewe, na jumla chache zilizochaguliwa vizuri zinatosha. Picha za mwili zina tabia inayokaribia hiyo, kwa sababu sehemu kubwa haibadiliki ghafla kutoka kisanduku hadi kisanduku. Michael Lustig na wenzake waliipeleka njia hiyo kwenye MRI mwaka 2007, na miaka kumi baadaye ilikuwa imeruhusiwa kwenye mashine za hospitali nchini Marekani. Kinachodhaniwa hapa kimeandikwa wazi, na unaweza kukihoji.

Akili mnemba inakwenda hatua moja mbele. Inafundishwa kwa maelfu ya picha nzuri, kisha inapewa vipimo pungufu na kuziba mapengo kwa mazoea. Ni kama kumpa ubao uliofunikwa mchezaji aliyeona mabao elfu kumi: jumla zisipotosha, atasema kete huwa zinakaaje. Mara nyingi atapatia. Shida ni kwamba mgonjwa amekuja hospitali hasa kwa sababu ubongo wake haukai kama bongo nyingine. Katika shindano la kimataifa la ujenzi wa picha za ubongo lililofanyika mwaka 2020, madaktari waliosoma picha hizo waliripoti kuona maumbo yaliyobuniwa na kompyuta, ambayo kichwani mwa mtu hayakuwapo. Na yalikuwa safi, yasiyo na ukungu wa kukufanya ushuku.

Suala hili haliko mbali nasi. Mashariki mwa Uganda, hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale imetibu watoto wengi wenye kichwa kikubwa, yaani wale ambao maji ya ubongo yanajaa na kuutanua, mara nyingi baada ya maambukizi ya siku za mwanzo za maisha. Upande wa pili wa nchi, Johnes Obungoloch wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, aliyesomea Chuo Kikuu cha Penn State alikofanya kazi na mtafiti Steven Schiff, alikuwa ameshaanza kubuni MRI ambayo nchi kama yake ingeweza kuimiliki na kuitengeneza. Mwaka 2022 sehemu za mashine ya aina hiyo, iliyosanifiwa na watafiti wa Leiden nchini Uholanzi, zilisafirishwa kwa ndege hadi Uganda. Wakufunzi wanne na watu sita wasio na uzoefu walipanga sumaku ndogondogo za kudumu katika pete 23, wakafunga koili, wakaunda toroli la alumini. Tangu mizigo kufika hadi picha ya kwanza kutoka zilipita takriban siku 11.

Sumaku hiyo ina tesla 0.05, mara thelathini chini ya tesla 1.5 za mashine nyingi za hospitali. Haihitaji heliamu. Lakini sauti ya haidrojeni inakuwa hafifu mno, na masafa yake yanashuka hadi megahezi 2 hivi, mahali penye kelele za kila kifaa cha umeme. Timu ya Ed Wu huko Hong Kong ilionyesha mwaka 2021, kwa mashine ya nguvu karibu sawa na hiyo, njia ya kuikabili: koili za ziada zinasikiliza kelele za chumba peke yake, na akili mnemba inajifunza kuzitoa kwenye kipimo. Hapo kompyuta imepewa kipimo kingine. Haijaambiwa ipambe.

Kishawishi cha kupamba kilipimwa na Joshua Harper, Schiff na wenzao katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Walichukua CT za watoto wachanga wenye tatizo hilo la maji, wakaziharibu makusudi hadi zifanane na picha za mashine dhaifu, kisha wakazing'arisha baadhi kwa akili mnemba. Madaktari bingwa watatu wa upasuaji wa ubongo wa watoto, waliozoea hospitali za nchi maskini, waliulizwa kama wangeweza kupanga matibabu kwa picha hizo. Zilizong'arishwa zilionekana kufaa zaidi, mpaka zilipowekwa kando ya CT halisi. Zilikuwa na makosa ya maumbo yanayoweza kumpotosha daktari. Zenye ukungu, hata baadhi ya zile ambazo kwa kawaida zingetupwa, zilitosha.

Sababu iko kwenye kazi yenyewe. Picha ya tesla 0.05 haitafuti uvimbe mdogo wala kiharusi kidogo kilichoanza asubuhi. Daktari anayepanga kumwekea mtoto mrija wa kutoa maji, au kutoboa njia mpya ya maji kupita, anataka kujua maji yanaishia wapi, ubongo unaanzia wapi, na kama kuna kuta zinazogawa maji hayo katika vyumba vingi. Mpaka uliofifia unamwambia awe mwangalifu. Ukuta uliobuniwa utamfanya apitishe chombo mahali pasipostahili, kichwani mwa mtoto mwenye umri wa miezi michache.